Anza na Mbuzi ya Nazi: Masomo ya Juu kwa Mtaalamu wa Tiba kwa Vitendo Aliyeko Kazini

Bibi yule aliingia kliniki ameshikwa mkono na mjukuu wake, miezi minne baada ya kupata kiharusi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejikunja, kidole gumba kimelala ndani ya kiganja. Nikachukua fomu yangu nikaanza kumuuliza kama nilivyofundishwa. Anakula mwenyewe? Anavaa mwenyewe? Anatoka kitandani na kukaa kwenye kiti bila kushikwa? Anapanda ngazi? Alinijibu yote kwa adabu, kisha akaniambia, “Mwanangu, mimi nalala mkekani, na nyumba yangu haina ngazi. Nataka kukuna nazi. Tangu niugue napikiwa, na mchuzi wa kupikiwa siuonji ladha.”

Fomu ile ni kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965. Kina vipengele 10 na jumla ya alama 100. Ngazi peke yake ina alama 10, na kuhama kati ya kitanda na kiti kuna alama 15. Ni kipimo kizuri, na mpaka leo nakitumia. Lakini robo nzima ya alama za bibi ilikuwa imefungwa kwenye vitu ambavyo nyumbani kwake havipo, na jambo alilolitamani halikuwa na hata mstari mmoja.

Juma lililofuata nikamwomba mjukuu aje na mbuzi. Bibi akaketi, akainama kidogo mbele, akakishika kifuu cha nazi kwa mikono miwili juu ya meno ya chuma. Hapo ndipo nilipoiona kazi yenyewe. Mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto unashika ukingo na kugeuza, na kila nazi inapozunguka vidole vinaachia na kushika upya. Gumba lisipofunguka, kifuu kinateleza na kidole kinakutana na meno. Kiuno nacho kinafanya kazi muda wote, maana kigoda ni kifupi na beseni liko chini. Nilikuwa na miaka saba kazini, na sikuwa na namna ya kuandika kwenye faili nilichokiona ili mwenzangu wa zamu nyingine akipime tena baada ya mwezi na tukubaliane.

Swali hilo la namna ya kukipima nilichokiona ndilo lililonipeleka uzamili. Nimeanza nalo kwa sababu wenzangu wengi wanaponiuliza habari za masomo ya juu huanza na chuo: kipi ni rahisi, kipi kina ufadhili, kipi kinasomwa kwa mtandao. Kuanza huko ni kuanza mwisho. Mtu aliyeingia uzamili bila swali lake hupewa swali na msimamizi, akalibeba miaka miwili kama mzigo wa mwenzake.

Kwa hiyo, mwenzangu, kabla hujafungua ukurasa wa chuo chochote, nunua daftari dogo. Kila jioni kabla ya kuvua koti la kazi, andika jambo moja lililokusumbua siku hiyo. Mama aliyeacha kumleta mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kile kiti maalumu tulichomtengenezea mtoto, ulipomtembelea ukakikuta kimewekewa sufuria, kwa kuwa sakafu ya nyumba ni ya udongo na kiti kinayumba, na mlangoni hakipiti. Kijana aliyetoka wodi ya afya ya akili akiwa anapika na kufua vizuri, akarudi baada ya miezi mitatu kwa kuwa nyumbani hakuna aliyemwachia kazi yoyote aifanye. Usichague wala usipange. Andika tu. Ikifika miezi mitatu, soma daftari lote kwa mkupuo. Utaona jambo moja limejirudia kwa sura tofauti. Hilo ndilo swali lako, au angalau ni jirani yake.

Lipime kwa njia mbili. Je, linaweza kujibiwa kwa wagonjwa unaowafikia wewe, ndani ya mwaka mmoja? Na jibu likipatikana, kuna kitu utakachofanya tofauti Jumatatu asubuhi? Likishindwa la kwanza, lipunguze. Likishindwa la pili, liache, hata kama linasikika la kisomi.

Kuna wakati swali lenyewe litakwambia kuwa shahada unayoihitaji si ya tiba kwa vitendo. Ukikuta kila ukurasa unauliza kwa nini hospitali za wilaya hazina mtaalamu wa fani yetu, au kwa nini vifaa saidizi havifiki vijijini, nenda ukasome afya ya jamii au sera ya afya. Ukikuta unaandika juu ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na jinsi wanavyosimamiwa, kuna uzamili wa elimu ya wanataaluma wa afya. Nawaheshimu sana waliofuata njia hizo. Tunahitaji watu wetu kwenye meza zinazogawa bajeti. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa utengemao unaotazama mwaka 2030, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuimarisha utengemao ndani ya mifumo ya afya. Azimio likifika wizarani, anayelisoma na kuligeuza kuwa ikama na mafungu ya fedha mara nyingi si mtu wa fani yetu.

Maneno ya kwenye matangazo

Sehemu hii isome polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza fedha.

Kwa mfumo wa tuzo wa Tanzania, stashahada iko ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Wengi wetu tuliofundishwa kwa stashahada, iwe Moshi, Nairobi au Mulago, tuna ujuzi mkubwa wa mikono na miaka mingi ya kazi, lakini mlango wa uzamili unafunguliwa kwa shahada ya kwanza. Inauma, hasa ukiwa wewe ndiye unayewafundisha kazi vijana wenye shahada. Hata hivyo usikubali kuruka. Anayekuahidi uzamili moja kwa moja kutoka stashahada, muulize kwa maandishi kama tuzo yake itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kwa Kenya, peleka swali hilohilo kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Fanya hivyo kabla ya kulipa hata ada ya maombi.

Mtego wa pili uko Marekani na Uingereza, na nimeona watu makini wakinaswa. Marekani kuna udaktari wa taaluma ya tiba kwa vitendo, unaofupishwa OTD, na uko wa aina mbili. Mmoja ni wa kuingia kwenye taaluma: mwanafunzi ana shahada ya fani nyingine na anafundishwa tiba kwa vitendo kuanzia mwanzo. Wa pili ni wa waliokwisha kuwa wataalamu, na huo ndio unaotuhusu sisi tulio kazini. Chombo cha ithibati cha huko, ACOTE, kinathibitisha programu za kuingia kwenye taaluma, na hizi za pili hakizithibitishi. Maana yake ni kwamba kumaliza OTD ya wataalamu hakukupi haki ya kufanya kazi Marekani. Leseni ya kule ina njia yake: aliyesomea nje hupimwa kwanza sifa zake na bodi ya NBCOT, ndipo afanye mtihani wao, kisha aombe leseni ya jimbo.

Uingereza ni hivyohivyo. Kuna uzamili wa kabla ya usajili, unaomtengeneza mtaalamu mpya, na uzamili wa baada ya usajili kwa aliyeko kazini. Huu wa pili haukuingizi kwenye rejista ya HCPC, chombo kinachosajili wataalamu wa fani yetu kule. Ukiwa na nia ya kuhamia na kufanya kazi huko, jiambie ukweli tangu mwanzo, kwa sababu ni safari nyingine yenye nyaraka nyingine. Shahada ya juu ya mtu aliyeko kazini kusudi lake ni kuikuza kazi.

Je, uchukue OTD au uzamivu wa kawaida? OTD inakufundisha kutumia utafiti kubadili huduma, kuongoza kitengo, kuanzisha programu. Uzamivu unakufundisha kuuzalisha utafiti wenyewe na kuwasimamia wengine. Kwa Afrika Mashariki ya leo, ushauri wangu ni uzamili, kisha uzamivu kwa anayetaka kufundisha chuo kikuu. Vyuo vyetu vinahitaji wasimamizi wa tasnifu kutoka ndani ya fani, na OTD si kila kamati ya ajira ya chuo huku kwetu itakayojua iiweke ngazi gani.

Wapi

Afrika Kusini ndiko barani kwetu kulikokomaa zaidi kwa fani hii. Cape Town, Stellenbosch, Witwatersrand, KwaZulu-Natal, Pretoria, Western Cape: vyote ni vyuo vyenye idara za tiba kwa vitendo zinazosimamia uzamili na uzamivu. Jambo la kuangalia ni shahada yako ya kwanza. Shahada yao ya tiba kwa vitendo ni ya miaka 4, na yako italinganishwa nayo, hivyo tathmini ya vyeti kutoka SAQA, mamlaka yao ya sifa za elimu, iombe mapema.

Kinachonivuta huko zaidi ya ukaribu ni fikra. Elelwani Ramugondo wa Cape Town ameandika jinsi shughuli za kila siku za mtu zinavyoweza kuendeleza utawala wa wengine juu yake, au kuukataa. Nilipomsoma nilimkumbuka bibi wa nazi. Fani yetu ilianzishwa rasmi Marekani mwaka 1917, na vipimo vyake vingi vimebeba nyumba za huko: bafu la kuingia, uma na kisu, ngazi. Michael Iwama aliwahi kuona jambo kama hilo Japani. Yeye na wenzake wa huko wakatengeneza modeli ya Kawa, yaani mto, ambamo maisha ni maji yanayotiririka, shida ni miamba, tabia na mali za mtu ni magogo yanayoelea, na mazingira ni kingo na sakafu ya mto. Kitabu chake kilitoka mwaka 2006. Wajapani walipoona nadharia za kigeni haziwakai, waliandika yao. Mtu wa pwani, wa Kilimanjaro au wa Kisumu ana haki hiyohiyo, na uzamili ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ulaya kuna programu ya pamoja ya uzamili wa tiba kwa vitendo iliyoanza mwaka 1999, ikiunganisha vyuo vya nchi kadhaa, vikiwemo vya Amsterdam na Stockholm. Kwa Uingereza, ufadhili wa Chevening unadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi na kurudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya masomo. Mtaalamu aliyeko hospitali anazipata saa hizo bila shida. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao una tawi la masomo ya masafa kwa mtu anayebaki kazini kwake. Kwa mwenye familia na wagonjwa ambao hakuna wa kumwachia, tawi hilo ningelitazama kwanza.

Hesabu ya saa, na mwajiri

Uzamili wa Uingereza au Afrika Kusini kwa kawaida ni krediti 180, na krediti moja inahesabiwa saa 10 za kusoma. Hizo ni saa 1,800. Ukigawa kwa miaka 2, ni saa 17 kila wiki bila kupumzika hata wiki moja. Kwa miaka 3 ni karibu saa 12. Sasa chukua karatasi, chora wiki yako ilivyo kweli, pamoja na foleni ya daladala, zamu, kikundi cha kina mama au cha vijana, ibada, na watoto. Saa 12 ziko wapi? Mimi nilizipata kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, na Jumamosi hadi mchana. Nikaacha kliniki ya binafsi ya jioni, na kipato kikapungua. Kaa na mwenzi wako mzungumze hesabu hizo mkiwa na karatasi mezani. Anayeishi na msomi anasoma naye, na asiposhirikishwa mwanzoni atachoka katikati.

Kwa mwajiri, kila kitu kiwe maandishi. Mwajiri wangu wa wakati ule aliniahidi kwa mdomo kulipa nusu ya ada na kuniachia siku moja kwa wiki. Tulikuwa tumekaa vizuri, tunaheshimiana, nikaona kudai barua ni utovu wa adabu. Mwaka wa pili uongozi ukabadilika, na aliyekuja hakuikuta ahadi kwenye faili lolote. Niliuza kiwanja. Barua ya ruhusa ya masomo iseme muda, mshahara utakuwaje, nani analipa nini, na utatumikia miaka mingapi ukirudi. Kama kuna mkataba wa kutumikia, soma kifungu cha kuuvunja kabla ya kusaini.

Msimamizi

Chuo chenye jina kikubwa na msimamizi asiyejibu barua ni hasara. Tafuta mtu kwanza. Soma makala zake mbili au tatu. South African Journal of Occupational Therapy na African Journal of Disability yanasomwa bure mtandaoni. Kama hospitali au chuo chako kimesajiliwa na mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, mkutubi atakufungulia majarida mengi zaidi.

Kisha mwandikie barua fupi. Wewe ni nani na unatibu wagonjwa gani, mistari miwili. Ulichokiona kliniki, mistari mitano, kwa picha kama ya nazi na mbuzi. Swali lako, mstari mmoja. Kipi kwenye makala yake kimekugusa, mstari mmoja au miwili. Usiambatanishe vyeti vyote. Nilipoandika barua ya kwanza kwa lugha ya “nina shauku kubwa ya kujiendeleza kitaaluma” sikujibiwa. Nilipoandika habari za bibi, nilijibiwa siku ileile, na msimamizi alitaka kujua mbuzi ina urefu gani kutoka sakafuni.

Ukimpata, muulize wazi: anarudisha rasimu kwa muda gani, amesimamia wangapi waliomaliza, na ataondoka lini kwa likizo ya utafiti. Ni maswali ya heshima, na msimamizi mzuri huyafurahia.

Utafiti wenyewe

Ukisoma nje na kukusanya data nyumbani, unahitaji vibali vya pande mbili: kamati ya maadili ya chuo chako na mamlaka ya nchi. Tanzania, utafiti wa afya wa kitaifa unapita NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kenya kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, juu ya kibali cha kamati ya maadili. Juu ya hapo kuna barua za mkoa, wilaya na hospitali. Tenga miezi kadhaa kwa kazi hiyo, na wakati unasubiri andika sura ya mapitio ya maandiko.

Mtaalamu wa takwimu mwone kabla ya kukusanya, ukiwa na swali na rasimu ya fomu. Ukimfuata baada ya kukusanya atakuambia tu kilichoharibika.

Na suala la lugha ni letu hasa. Ukitafsiri kipimo, tafuta watu wawili watafsiri kwenda Kiswahili kila mmoja peke yake, wengine wasioiona nakala ya asili watafsiri kurudi, halafu kaeni mlinganishe. Utashangaa yanayojitokeza. Neno “kujitegemea” mimi lilinikwamisha wiki nzima, kwa kuwa wagonjwa wangu walilisikia kama kuachwa peke yao. Bibi mmoja aliniuliza ana kosa gani hata ajitegemee na wajukuu wapo. Tulibadilisha tukauliza: “Jambo hili unalifanya bila kushikwa mkono?”

Mahojiano yachambue kwa Kiswahili, kwenye maneno ya watu wenyewe, na utafsiri Kiingereza zile nukuu tu utakazoziweka kwenye tasnifu. Kwangu saa moja ya mahojiano ilinichukua saa sita kuandika. Mahojiano 15 ni miezi, si siku, kwa mtu aliye kazini.

Utakapowaomba wagonjwa wako washiriki, kumbuka kwamba wewe ndiye unayewatibu, na huku kwetu mtu haoni vyema kumkatalia anayemtibu. Mwachie mwenzako aombe ridhaa. Mgonjwa akisema hapana, jina lake lisikufikie.

Ukishatetea tasnifu, kabla hata ya joho, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: ulichouliza, ulichokikuta, kinachobadilika kliniki. Wapelekee uliowahoji, kila mmoja nakala. Ya kwetu ilibandikwa ukutani, pembeni ya mlango wa chumba cha tiba, na chini yake tukaweka mbuzi mbili, ya kawaida na nyingine iliyoinuliwa miguu na kuwekewa kishikio cha kubana kifuu. Fundi seremala wa hospitali ndiye aliyekibuni, baada ya kumtazama bibi akikuna kwa dakika kumi.